Parseli ya Mama Warda Iko mu Maji

Sisi vijana wa Rumonge, kila mutu iko na nchi yake mu telefone. Moja anakuambia kule ukinunua nyumba tu, wanakupa makaratasi ya kukaa, wewe na bibi na watoto. Mwengine anasema hapana, kuko nchi ingine, hata apartema ndogo inatosha. Tunakaa pale mabisi ya Bujumbura yanasimama, tunachagua manyumba ya mbali, hii iko na pisini ya kuogelea, hii rangi yake mubaya, kisha gari inaingia, tunaamka kukimbilia mizigo ya watu.

Kumbe mutu aliyefanya hiyo kitu tulikuwa naye mu karitiye yetu, mutaa wetu huu, tangu zamani. Alinunua kiwanja mu nchi ya wengine, akajenga, akapewa karte ya kukaa ju ya ile nyumba. Na hakuifanya Ulaya. Aliifanya hapa Rumonge, akitokea Baraka, ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo. Ni Mama Warda, fundi wa kushona.

Alikuja akiwa musichana, na shangazi yake, na mabalo ya vitenge. Shangazi akauza, akarudi kwao. Warda akabaki. Kwa nini alibaki, yeye mwenyewe anasemaka ni ju ya samaki mukeke wa Rumonge, alimuonja wa kuchoma siku ya kwanza, akasema mimi siendi. Wamama wengine wanasema ni ju ya mwanaume mumoja wa duka, alimuahidi ndoa, hakumuoa. Ukimuuliza anacheka, anachukua ile kamba yake ya kupimia, anasema, "Nyoosha mabega, nikupime, acha maneno."

Parseli, kile kiwanja, aliipata chini kabisa ya karitiye Swahili, ku muchanga, pale viboko walikuwaka wanapanda kula majani. Hakuna mutu aliipenda. Watu wakamuambia, wewe musichana wa Congo, viboko watakukula. Akajibu kiboko hali musichana, anakula majani, na mimi sina majani. Akaanza kujenga pole pole. Alishonaka jupe, sketi za watoto wa shule, kaki na buluu, na kila wakati shule inakaribia kufunguliwa, ukuta unapanda kidogo. Wababa wakipita walimuuliza, "Warda, umefika ku dirisha?" Naye anajibu, "Watoto wenu wakikua haraka, nitafika ku mabati."

Alifika ku mabati. Na ku karte yake ya mugeni, pale wanaandika unakaa mu nchi ju ya nini, hawakuandika bibi ya fulani, hawakuandika mukimbizi. Waliandika mwenye nyumba. Alipenda ile neno kupita jina lake. Mimi nilikuwa mudogo, na nakumbuka akiitoa mu sanduku siku za kwenda kuibadilisha, anaipangusa na kanga, anasema kwa mama yangu, "Wengine waliolewa hapa. Mimi nilijenga hapa."

Ile nyumba. Leo nikiwaza karitiye yetu ya zamani, haikuji karitiye yote, inakuja ile nyumba kwanza. Ilikuwa ya buluu. Mbele kulikuwa barza ya simenti nyekundu, alikuwa anaisugua na nta mpaka inateleza, na sisi watoto tulikuwaka tunateleza juu yake na matako, anatufukuza na rula. Mashini yake ilikaa ku mulango, mu upepo wa ziwa. Ukiamka asubuhi unasikia kwanza muadhini, kisha mashini ya Mama Warda, kisha majogoo. Mu Ramazani alikuwa anatuma sahani mu kila nyumba, ya Waislamu na ya Wakristo, na Krismasi ile sahani inarudi na wali. Redio yake ilikuwa kubwa, na betri zake alizipanga ku jua zipate nguvu. Wanaume walikuja kusikiliza mupira, wasichana walikuja kupima magauni, wamama walikuja kuchambua ndagala, dagaa ya ziwa, ju barza ilikuwa na kivuli. Ukipita bila kusalimia anakuita jina na jina la baba yako. "We mutoto wa Nduwimana! Leo macho yako iko wapi, ku kisogo?" Basi unarudi, unasema shikamoo, amahoro, yote mbili, ju hujui atataka gani.

Upande moja alipakana na Tahiri, fundi wa mitumbwi. Upande wa pili alipakana na muzee Boaz.

Boaz alikulia Tanzania, mu ukimbizi, akarudi wakati watu walirudi. Kiswahili chake ni cha Kigoma, kinanyooka sawa mutu anasoma habari. Alipofika alikuta mungazi imeota pale pale ku mupaka, muti moja murefu, unazaa vizuri. Boaz akasema ule mchikichi ni wake, mupaka unapita upande wa pili wa muti, wa Warda. Warda akasema mupaka unapita upande huu, wa Boaz. Kila wakati ngazi, chikichi za ule muti, zikiiva, karitiye inapata filme ya bure.

"Mama Warda, umechuma chikichi zangu!"

"Muzee Boaz, zako zimeandikwa jina? Hebu tusome."

"Wewe mwanamke huna adabu."

"Na wewe hauna mungazi."

Hawakupigana hata siku moja, na hawakusalimiana hata siku moja. Sisi tulizoea. Ilikuwa sehemu ya mahali, sawa ile kelele ya mawimbi.

Kisha ziwa ikaanza kupanda. Mwanzo tulicheka, maji ikachukua pale tulikuwaka tunacheza mupira, tukasogea. Ikachukua njia ya wachuuzi wa samaki. Ikachukua shamba ya mihogo ya mutu fulani, ukawa unaona majani ya mihogo inachungulia mu maji. Mwaka unapita, tunangoja irudi, hairudi. Siku moja Mama Warda akaamka, akashusha miguu toka ku kitanda, ikaingia mu maji.

Huku kwetu, maji ikiingia kwa mutu, watu hawaulizi. Mabati ni ya kwanza, ju mabati njo nyumba, kuta utapata ingine. Tahiri akapanda ku boriti na nyundo, sisi vijana tukapanda nyuma yake. Ilikuwa sawa sikukuu. Tukatoa mabati, tukatoa maboriti, tukatoa mulango na fremu yake, tukatoa madirisha, kisha ju matofari yake ilikuwa ya kuchoma, mazuri, tukabomoa na kuta. Kabla ya adhuhuri nyumba yote ilikuwa imetembea juu ya vichwa vyetu mpaka kule juu, karibu na barabara. Mama Warda alikaa ku kiti mu kivuli, mashini yake mu magoti sawa mutoto, anatuambia, "Pole pole na ile dirisha, ile dirisha ilikula magauni mengi." Barza tu ilitushinda. Ilikuwa zege, ikabaki chini.

Agneta akamuchukua kwake. Agneta ni mujane, mulokole, mukubwa wa choeur ya kuimba kanisani, na kushona alifundishwa na Mama Warda. Mabati tukayapiga ku chumba cha Agneta pale Mama Warda analala. Mulango ukaenda kwa Tahiri, alikuwa anajenga haraka haraka na watoto wake wadogo. Madirisha yakaenda ku madrasa. Matofari kila mutu aliyekimbia maji alichukua kidogo, na Mama Warda mwenyewe alisema chukueni, mimi peke yangu nitakalia matofari mangapi? Siku ile tulijisikia watu wazuri sana.

Boaz hakuokolewa. Alikuwa ameenda Kigwena ku kilio cha ndugu yake, alifunga na kufuli. Kurudi, akakuta nyumba yake imesimama mu ziwa, maji ku madirisha, ndege weusi wamepanga mustari juu ya bati.

"Nyumba yangu mmeiacha izame!"

"Muzee, ulifunga na kufuli," Tahiri akamuambia. "Tungevunja, ungesema tumekuibia."

Karte ya Mama Warda ilipokaribia kuisha, akaipangusa na kanga sawa desturi, akaenda na Agneta ku biro, ofisi ya wageni. Zamani ilikuwa kitu cha kupiga muhuri. Mara hii alikuta musichana mupya, anaitwa Providence, mupole, lakini anasoma kila mustari. Agneta ametusimulia mara mingi mpaka ni kama tulikuwako.

"Mama, hapa wameandika mwenye nyumba. Ile nyumba iko?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko mu maji."

"Basi haiko."

"Mukeke iko mu maji, mwanangu, na iko."

Providence akacheka, lakini hakuandika kitu. Akasema Mama, mimi sikufukuzi. Lakini karte yako inasimama juu ya nyumba. Kama nyumba haiko, sababu ya kukaa imekwisha, utarudi kwenu. Nitakuja kuona mwenyewe. Na wale wa mupaka wakuwe hapo, kila mutu asimame ku mupaka wake, vile munafanyaka mukipima shamba.

"Nitarudi kwetu wapi?" Mama Warda akauliza.

"Baraka, si njo imeandikwa?"

Agneta anasema njiani Mama Warda alitembea haraka mpaka karibu na soko. Pale akasimama, akasema, "Shangazi alikufa. Hata mulango wa kugonga sina kule." Kisha akaendelea kutembea.

Jioni habari ilizunguka, na njo tulielewa kitu tulichofanya. Manyumba ya wengine, wale wavivu, wale waliosafiri, yalikuwa bado yanaonekana, kichwa nje ya maji. Ya Mama Warda tulikuwa tumeibeba yote. Mutu wa biro akikuja, ataona maji tu. Boaz alisikia, akatoka ku chumba chake cha kupanga akaja kusimama mbele yetu pale ku kahawa, mikono mu mufuko.

"Mimi ninayo nyumba," akasema. "Imezama, lakini ninayo. Ninyi wajanja mmemwokoa mpaka mkammaliza."

Ilikuwa kweli.

Tahiri hakulala na hiyo aibu. Asubuhi alikuja kwa Agneta na ule mulango juu ya kichwa. Mama Warda alikuwa anapiga pasi.

"Tahiri, unaenda wapi na mulango?"

"Dada, nimewaza. Pale maji inafika ku kiuno tu. Nitasimika nguzo, mi ni mutu wa mbao, najua. Tunarudisha mulango, tunarudisha madirisha, bati mbili tatu juu. Huyu musichana akikuja, anaona nyumba. Akienda, tunatoa."

Sisi vijana tukashangilia, tulikuwa tayari kutoa mabati yote ya karitiye. Mama Warda akaweka pasi chini.

"Watoto wako watalala bila mulango?"

"Siku mbili tu."

"Rudisha mulango kwako. Ile nyumba haikuwaka ya kudanganya mutu. Nikipata karte juu ya nguzo za uongo, kila mwaka nitaogopa upepo."

Agneta, aliyekuwa anachagua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Basi kumebaki kwa Boaz."

"Kwa Boaz kuna nini?"

"Kuna mupaka wako."

Mama Warda akachukua tena pasi. Alipiga pasi suruali ile moja mpaka ikakuwa sawa karatasi. Alasiri tukamuona amevaa kanga mupya, anapanda njia ya kule anapopanga Boaz. Karitiye yote ikakumbuka iko na kazi upande ule. Mimi nilikumbuka nafunga mukanda wa sandali, pale pale mbele ya mulango wake.

"Hodi."

Toka ndani, "Nani?"

"Ni mimi."

"Mimi nani?"

"Boaz, usinifanye nitaje jina langu mbele ya watu wote hawa wanaofunga viatu."

Akafungua. Akamuangalia juu mpaka chini. "Mama Warda. Umepotea njia?"

"Sikupotea. Nimekuja kwako. Yule musichana wa biro anakuja ku parseli. Anataka wa mupaka. Tahiri atasimama upande wake."

"Na wewe unataka nisimame."

"Ndiyo."

"Kwa nini nisimame? Ukienda kwenu, mchikichi unabaki kwangu bila kelele."

"Mungazi ilikufa, Boaz. Imebaki muti bila kichwa."

"Najua umekufa! Nina macho." Tena akasema, "Nikija, nitasimama pale ninapojua mimi."

"Simama. Hata ukitaka kusimama katikati ya salo yangu ya wageni, simama. Ila ukuje."

Boaz alitaka kucheka, tulimuona, mudomo ulianza kisha akaukamata. Akafunga mulango.

Providence alikuja asubuhi, amevaa bote za mipira, pamoja na shefu wa karitiye, yule mukubwa wa mutaa. Watu walikuwa wamejaa ku ukingo mupya, pale zamani ilikuwa njia ya nyuma ya duka. Mimi nilikuwa na mutumbwi wa Tahiri. Providence akaingia kwa woga, Mama Warda akaingia sawa mutu anaingia kwake. Nikasukuma.

Ilikuwa asubuhi bila upepo, maji ilikuwa safi mpaka chini. Tulipita juu ya njia. Mama Warda alianza kusema, si kwa Providence, kwa nafsi yake tu. Hapa kulikuwa kisima ya zamani. Hapa ndugu ya Tahiri aliangukaka na baiskeli na mafuta ya ngazi yote ikamwagika, watoto walinuka mafuta wiki nzima. Hapa, taratibu, hapa ni kona yangu. Mimi nikawa napiga kasia kidogo kidogo bila kujua kwa nini, ni kama naogopa kugonga ukuta.

"Hii nyekundu ni nini?" Providence akauliza, ameinama.

Chini yetu barza ilikuwa inang'aa. Ndagala wadogo walikuwa wanazunguka juu yake, kundi linaenda, linarudi.

"Ni barza yangu. Wewe ungekaa hapo ungoje nguo yako, na mimi ningekupa chai."

Providence aliangalia kwa muda. Kisha akajikumbusha kazi. "Simenti si nyumba, Mama. Nyumba iko wapi?"

Tahiri alikuwa amesimama mu maji ku upande wake, maji ku kiuno, shati imekunjwa. Akasema kwa sauti, "Mulango iko kwangu!"

Agneta toka ku ukingo, "Mabati iko kwangu!"

"Madirisha iko ku madrasa!"

"Matofari tuko nayo, hata mimi niko nayo!"

Providence akatuangalia wote. "Kwa hiyo ninyi mulivunja nyumba ya huyu mama."

"Tuliiokoa!" Tahiri akasema.

"Munaona, ninyi wote munamupenda. Mutu anapendwa, marafiki watasema kila kitu. Nitaandika nini? Nitaandika watu wamelia vizuri?" Hakusema kwa ubaya. Akaangalia upande wa pili, pale muti wa mungazi ulisimama mweusi, bila kichwa, na hakuna mutu. "Na huku? Wa mupaka huu iko wapi?"

Mama Warda aliangalia maji. Mimi niliangalia ku ukingo, na pale watu walianza kuachana, Boaz anapita mu katikati yao. Alikuwa amevaa koti. Koti ya kanisani, na tai. Akaingia mu maji hivyo hivyo, na viatu, maji ikapanda ku magoti, ku mapaja, ku koti. Alienda moja kwa moja mpaka ku muti, akapita, akasimama upande ule alisema miaka yote ni wake, ndani ya parseli ya Mama Warda.

"Muzee, mupaka ni hapo?" Providence akauliza.

Boaz akaweka mukono ku muti. Gome lilikuwa limelainika, likabaki mu kiganja chake. Akaliangalia.

"Mama Warda," akasema. "Huu mchikichi, nani aliupanda?"

"Uliota peke yake. Wewe ulinikuta nao."

"Nilikukuta nao," akasema. Akazunguka muti pole pole, koti inaelea nyuma yake, akasimama upande ule mwengine. "Andika, binti. Mpaka ni hapa."

Ku ukingo mutu moja alianza kupiga makofi, Agneta akamukanyaga.

"Na nyumba?" Providence akasema. "Wewe uliiona? Ilikuwa yake?"

"Kuiona? Binti, mimi nilisumbuliwa na nyumba hiyo. Pale, mlango ulielekea pale, kwa hiyo cherehani yake iliniamsha kila asubuhi kabla sijataka. Dirisha la jikoni lilikuwa huku, moshi wa samaki wote ulikuja kwangu. Mvua ikinyesha maji ya bati lake yalimwagikia kwangu, nilimwambia weka mfereji, hakuweka. Akapaka buluu. Nilimwambia buluu inavuta mbu. Akapaka tena buluu! Chumba cha kulala kilikuwa hapo chini ya mtumbwi wako, na redio ilikaa ukutani upande wangu, upande wangu kabisa, na mpira ukichezwa watu hamsini wanapiga kelele wakati mimi nasoma Biblia. Kuku wake walikuwa wanne, mmoja alitaga kwangu, alikuja kudai yai."

"Lilikuwa yai langu," Mama Warda akasema.

"Unasikia? Ndivyo alivyo!"

Providence alikuwa anaandika haraka, na alikuwa anacheka chini chini. Akauliza, "Muzee, inaonekana huyu mama humupendi."

"Simpendi hata kidogo."

"Lakini unasema nyumba ilikuwa yake."

"Kama haikuwa yake," Boaz akasema, "mimi nimegombana na nani miaka yote hii?"

Watu wakacheka, hata shefu wa karitiye. Boaz peke yake hakucheka. Alikuwa bado anaangalia ile maji tupu mbele yake, mukono umerudi ku muti. Akasema kitu cha mwisho, kidogo kidogo, nafikiri sisi wa ku mutumbwi tu njo tulisikia.

"Siku hizi nalala mpaka jua linatoka. Hakuna cherehani, hakuna redio. Nalala vizuri sana, na sipendi."

Mama Warda akafungua kanga ya kichwa, akaifunga tena, akaifungua. Providence akafunga kalamu yake. Akaniambia turudi. Njiani akasema mwenye kuamua ni mukubwa wake, yeye ataandika kile ameona na kile amesikia, na kwamba ile ya muzee ataiandika yote, mpaka yai.

Tukangoja. Ile wiki Mama Warda alishona vibaya, yeye ambaye hakuwaka anashona vibaya. Alimushonea mwalimu moja mukono wa kushoto pande zote mbili. Alianza kugawa vitu: Agneta alikuta sahani nzuri zimefungwa mu gazeti na jina lake juu. Akazirudisha ku rafu. Asubuhi ingine zilikuwa zimefungwa tena. Boaz alipita mbele ya nyumba mara mbili tatu, hakusalimia, alikohoa tu.

Siku walimuita, alienda na Agneta, na sisi tukabaki ku barabara, tunajifanya tunangoja gari ya Nyanza-Lac. Walirudi na taxi-velo mbili, zile baiskeli za kubeba watu. Agneta alikuwa anaimba toka mbali, basi tukajua. Mama Warda alishuka, akatuonyesha karte. Walikuwa wamebadilisha maneno: sasa ni mwenye parseli. Na ni ya muda mufupi. Itabidi mwakani wakuje tena kuangalia ziwa.

"Huyo Providence anasema hakuna mutu anajua ziwa itafanya nini," Agneta akatuambia.

"Mwakani nitamuita tena yule muzee mubaya," Mama Warda akasema. Tahiri akasema watu wa nchi zile za mu telefone zetu wananunua nyumba yenye kuangalia maji, Mama Warda amewashinda, yeye yake inaangaliwa na samaki. Akamupiga na kanga.

Tulitaka kukaa naye, kuleta Fanta, kuongea ile siku tena toka mwanzo. Aliingia mu chumba kuweka karte mu sanduku, tukamungoja. Hakutoka. Agneta akachungulia, akamukuta amelala juu ya kitanda na viatu, sanduku wazi kando yake, anakoroma sawa mutu amesafiri. Akafunga pazia.

Mchana wote wateja walikuja. Yule mwalimu wa mukono wa kushoto, bibi arusi moja wa Kigwena na dada zake, watoto na jupe za shule. Agneta alikaa ku kiti mbele ya mulango, anachagua mchele, kila mutu anamuambia kitu kimoja.

"Mama iko analala. Rudini kesho."